Aliyekufa Husomewa

Kwenye meza yangu ya ukarani kulikuwa na kadi ngumu iliyofunikwa plastiki, yenye maneno ya kuwaapishia mashahidi. Juu kabisa yalikuwa ya Wakristo, yanayoishia na kumwomba Mwenyezi Mungu amsaidie msemaji. Katikati yalikuwa ya Waislamu, yenye Wallahi, billahi, taallahi. Chini kulikuwa na maneno yasiyomtaja Mungu kabisa: shahidi anathibitisha tu kwamba atakayoyasema ni kweli, kweli tupu. Plastiki ya juu na ya kati ilikuwa imefifia kwa vidole vyangu. Ya chini iling'aa kama siku kadi ilipoletwa, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuyahitaji maneno yake.

Mahakama yetu ya mwanzo ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye paa la bati, ukishapita Madimba kushuka upande wa mto Ruvuma. Mimi nimezaliwa milimani, Mbinga, binti wa katekista, na nilipopangiwa kazi huku sikujua hata korosho inaning'iniaje mtini. Nilijifunza. Nilijifunza pia kwamba Msahafu wa mahakama si kitu cha kushikwa ovyo na karani wa Kikristo. Ulikaa kwenye droo ya peke yake, umefungwa kitambaa cheupe, na aliyeutoa na kuurudisha ni mhudumu wetu wa mahakama, Mmakonde wa vijiji vya huko huko, mtu mzima aliyekuwa akitawadha kila asubuhi kabla ya kesi kuanza. Mimi nilisoma maneno, yeye alishikisha Kitabu. Tulifanya kazi hiyo pamoja bila kukwaruzana, na yeye ndiye aliyenifundisha kusema taallahi bila kuikatakata.

"Kiapo kinaliwa, dada," aliniambia siku moja tukinywa chai. "Ndiyo maana tunasema mtu amekula kiapo. Na kinacholiwa kinaweza kumkwama mtu."

Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya kupitisha muda.

Kesi ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya mirathi. Mwanamume mmoja wa kijiji kilicho karibu na mahali mto unapoingia baharini alikuwa amevuka kwenda Msumbiji kuuza nguo za mitumba, kama alivyozoea, na hakurudi. Ilikuwa wakati ule ng'ambo kulipochafuka, watu wakawa wanavuka kuja kwetu na mabunda kichwani, na mto ukawa unaleta wengine ambao hawakuvuka kwa miguu yao. Mdogo wake alikwenda kumtafuta. Aliporudi alisema amemkuta amekufa, na amemzika kwa mikono yake kwenye ukingo wa ng'ambo. Msiba ukawekwa. Ulipopita muda, mdogo huyo akaja mahakamani kuomba awe msimamizi wa mirathi ya kaka yake. Palikuwa na shamba la mikorosho lililoanza kuota vichaka, na palikuwa na mke wa marehemu aliyehitaji kujua kama yeye ni mjane au ni mke wa mtu.

Tangazo lilibandikwa. Tulitarajia maombi yapite kimya, kama yanavyopita mengi. Lakini mama yao mzazi, mama wa wote wawili, akaja kuweka pingamizi. Hakulitaka shamba. Alisema mwanawe mkubwa hajafa.

Siku ya kusikilizwa ilikuwa ya joto lisilo na upepo. Walikaa benchi la mbele, mama upande wa dirisha, mwanawe upande wa mlango, na nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Mke wa aliyepotea alikaa nyuma, kajitanda khanga mpaka puani. Hawakuonekana kama watu waliogombana. Kabla hatujaanza nilimwona kijana akimsogezea mama yake chupa ya maji, na mama akanywa.

Hakimu wetu, aliyetoka kaskazini na asiyependa kupoteza muda, alimwita mwombaji kwanza. Mhudumu akafungua kitambaa, akamshikisha Msahafu. Mimi nikaishika kadi ingawa nilikuwa nayajua maneno kwa moyo.

"Wallahi," nikasema.

"Wallahi," akasema kijana.

"Wallahi," ikasema sauti nyingine.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya chini, imechelewa kidogo, kama ya mtu anayefundishwa. Ilitokea upande wa dirisha. Nilidhani ni mtu wa nje anatufanyia mzaha, kwa hiyo nikapaza yangu kidogo.

"Billahi."

"Billahi," akasema kijana, na safari hii alikuwa akinitazama mimi, si Kitabu.

"Billahi," ikafuata ile sauti.

Wapo watakaosema ni mwangwi wa bati. Nimefanya kazi chini ya bati lile miaka, naujua mwangwi wake. Mwangwi hurudisha sauti iliyotolewa. Kijana alikuwa na sauti nyembamba iliyokauka kwa hofu ya mahakama. Hii ilikuwa nene, ya mtu aliyetulia.

Nikavuta pumzi kusoma neno la mwisho, na kabla sijafungua mdomo, sauti ile ikalisema. "Taallahi." Ililisema taratibu na vizuri, kama mwanafunzi anayefurahi kwamba leo amelikumbuka mwenyewe.

Hakimu aliinua kalamu kwenye karatasi. "Nani anajibu huko nje?" akauliza.

Mhudumu alitoka. Kupitia dirishani nilimwona akizunguka jengo, akitazama chini. Uwanja ule ulifagiliwa kila asubuhi, na mchanga wake ulikuwa bado na mistari ya ufagio. Alirudi akasimama mlangoni badala ya mahali pake.

"Hakuna mtu, Mheshimiwa. Wala hapajakanyagwa."

"Basi tuendelee. Shahidi, malizia."

Kijana akasema taallahi. Alilisema kwa shida, kama mtu anayemeza mfupa. Kisha akatoa ushahidi wake mfupi: alivuka, aliulizia, akaonyeshwa mwili ukingoni penye mikoko, akautambua kuwa wa kaka yake, akauzika. Hakimu akamuuliza aliutambuaje. "Kwa nguo zake," akasema. Hakimu akaandika. Mimi nilikuwa namtazama yule mama. Wakati wote mwanawe anazungumza, yeye alikuwa ameelekeza sikio dirishani, kama mtu anayesubiri kuitwa na jirani.

Zamu yake ilipofika, alisimama kizimbani, mhudumu akamnyooshea Msahafu. Aliutazama kwa heshima, akaweka mikono yake nyuma.

"Huo sitaushika, baba."

Mhudumu alidhani ni jambo la udhu. "Maji yapo hapo nje, mama."

"Udhu ninao. Naswali, na watu wote hawa wanajua. Lakini hapa siapi."

Hakimu aliweka kalamu chini. "Mama, bila kiapo siwezi kuchukua maneno yako."

"Mheshimiwa, wewe umesoma. Hakuna maneno mengine ya kusema kweli, yasiyo na jina la Mungu ndani? Nimekuja kusema nisilolijua. Sijui kama mwanangu kafa. Sitamwita Mungu aje kushuhudia jambo ambalo mwenyewe hajaniambia." Akaongeza kwa sauti ya chini: "Tena nikimtaja, yule atafuata. Mmemsikia."

Mhudumu alinong'ona kwamba kwa Mwislamu hilo halijapata kutokea hapa. Hakimu akamjibu kwamba sheria inamruhusu shahidi kuthibitisha bila kuapa, na asiyetaka kuapa halazimishwi. Halafu akanigeukia. "Karani, msomee yale ya chini."

Nikashusha kidole mpaka kwenye sehemu ile inayong'aa. Nilizoea kusoma viapo nikijua naelekea wapi. Mwishoni yupo mwenye kupokea, awe anaitwa kwa Kiarabu au kwa Kiswahili, na mimi kazi yangu ni kumfikisha mtu mlangoni kwake. Sasa nilikuwa nasoma maneno yasiyo na mlango. Nathibitisha. Kwa dhati. Kwamba nitakayoyasema mbele ya mahakama hii. Yalitoka mdomoni kama nasoma ndani ya nyumba iliyohamwa.

Mama aliyarudia moja moja. Baada ya kila kipande alinyamaza, akaacha nafasi ya sauti moja zaidi, na chumba kizima kikangoja pamoja naye. Mhudumu alikuwa amefumba macho. Kijana alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Niliweza kusikia bati likijikunja kwa jua.

Hakuna kilichojibu.

"Hakuja," mama alisema, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetua mzigo. "Maneno haya hajafundishwa."

Akatoa ushahidi wake kwa utulivu, Kiswahili chake kikipita mara kwa mara kwenye Kimakonde, na mhudumu akitafsiri. Baba wa watoto hawa alikuwa akiwasomesha Kurani barazani baada ya kazi za shamba. Mdogo alishika upesi. Mkubwa alikuwa mzito. Alisoma nyuma ya wenzake, neno moja baadaye, na hata alipokuwa mtu mzima na mke, mtu akisoma dua nyumbani yeye alifuatisha vilevile, kwa kuchelewa. Tangu apotee, mama akikaa kusoma Fatiha kwa ajili yake, kuna mtu anaisoma nyuma yake. Alidhani ni masikio ya uzee. Akamwita mke wa mwanawe akae naye. Na yeye akasikia.

Hakimu akamuuliza yule mwanamke wa nyuma kama ni kweli. Hakujibu kwa mdomo. Alijifunika uso wote kwa khanga, na kichwa kikashuka na kupanda ndani yake.

"Sasa nimeacha kusoma kwa sauti," mama akasema. "Nimemuuliza shehe, kaniambia ni majonzi. Labda. Lakini mimi nilivyolelewa, Mheshimiwa, aliyekufa husomewa. Hasomi."

Hakimu hakuandika hilo mara moja. Alikaa akilitazama dirisha, kisha akaandika, na nilipokuja kupanga jalada niliona mwandiko wake umeinama pale kuliko kwingine.

Tulikuwa karibu kufunga shauri kijana aliposimama bila kuitwa. Aliomba arudi kizimbani. Alikuwa analia bila kujipangusa.

"Nataka kusema tena, Mheshimiwa. Kwa maneno ya mama. Siyo kwa yale."

"Umeshakula kiapo," hakimu akasema. "Kilikuwa kiapo halali."

"Ndicho kilichonikaba. Nimeapa kwa jambo nililokuwa nalitaka. Naomba niseme nililoliona tu."

Hakimu alimwonya kwamba kusema uongo baada ya kuapa ni kosa na kwamba anaweza kushtakiwa. Kijana akasema anaelewa. Nikamsomea yale ya chini, na yeye akayarudia huku akimtazama mama yake. Safari hii sikungoja sauti. Nadhani hakuna aliyengoja.

Alisema aliuona mwili. Alisema ulikuwa umekaa majini muda mrefu na samaki walikuwa wameshaufikia, hapakuwa na uso wa kutambua. Shati lilikuwa la kaka yake. Alilijua kwa kiraka cha begani alichokishona shemeji yake. Lakini kaka yake alikuwa muuza mitumba, alikwenda na mabunda ya nguo, na za biashara zikimwishia aliuza hata zake mwenyewe. Wakati ule watu wa ng'ambo walikuwa wakikimbia na lolote walilopata kuvaa. "Nilizika shati," akasema. "Aliyekuwa ndani yake simjui. Nilitaja jina la kaka kwenye sala ya maiti kwa sababu sikuwa na jina lingine la kumpa, na maiti haizikwi bila jina. Niliporudi nyumbani, jina lilikuwa limeshakaa. Mama alikuwa halali. Shemeji alikuwa anaulizwa na kila mtu. Nikaona bora awe amekufa, watu wapumzike."

Mama hakumlaumu. Alimsogelea pale pale kizimbani, kinyume cha utaratibu, akamshika kichwa akakiweka begani kwake. Hakimu alitazama karatasi zake mpaka walipoachana.

Maombi yaliondolewa. Hakimu alimkemea kijana kwa maneno makali, kisha akamwacha aende na mama yake. Jalada likafungwa bila ya mtu kuwa marehemu. Baada ya watu kutoka, mhudumu alirudisha Msahafu kwenye kitambaa chake, akakikunja polepole kuliko siku zote.

"Ile taallahi ilikutangulia," akaniambia.

"Niliisikia."

"Mimi pia." Akafunga droo. Tuliendelea kufanya kazi pamoja muda mrefu baada ya hapo, na hatukulizungumza tena.

Niliendelea kuapisha. Lakini nilikuwa nimeanza kuwasikiliza mashahidi namna nyingine. Nilisikia jinsi watu wanavyolikimbilia jina la Mungu wakiwa na wasiwasi na wanachokisema. Jinsi muuza mbuzi anavyoapa mara nyingi kuliko anavyoulizwa. Mwaka nilipohamishiwa mjini Mtwara, watumishi tulikusanywa ukumbini kula kiapo cha uadilifu. Wakristo walisimama upande mmoja na Biblia zao, Waislamu upande wa pili. Nilimwendea mwapishaji nikamwomba nithibitishe tu. Alinitazama kama nimevua viatu kanisani. Nilisimama peke yangu katikati ya ukumbi nikasema maneno yangu, na nilipomaliza mwenzangu mmoja akaniuliza kama nimeacha dini.

Habari zilifika Mbinga kabla ya jioni. Baba alinipigia simu.

"Unamwonea Mungu aibu siku hizi?"

"Hapana, baba. Namwonea haya."

Nilisikia kuku wake nyuma. Kisha akaniuliza kama nimeshakula, na ndivyo baba anavyofunga jambo asilotaka kulifanya ugomvi. Jumapili nilikwenda kanisani kama kawaida na nikaimba.

Yule mama nilikutana naye tena msimu wa korosho, Nanyamba, nilipokwenda kikazi. Alikuwa ameketi pembeni ya soko akiuza ming'oko, vile viazi vya porini ambavyo mwanzoni nilidhani ni mizizi ya kuchomea moto. Alinitambua kabla sijamtambua. Aliniita karani, akanipangusia sehemu ya mkeka wake, nikakaa.

Alinipa habari bila kuulizwa. Mke wa mwanawe alikuwa amekwenda kuomba ndoa ivunjwe kwa sababu mume ametoweka, akakubaliwa, akaolewa palepale Nanyamba. Yeye mama ndiye aliyemsindikiza, na ming'oko ile walikuwa wameichimba pamoja. Shamba la mikorosho linapaliwa na mdogo mtu, na kila mauzo yakitoka anawatengea watoto wa kaka yake kwanza. Hajaoa. Anasema bado.

"Na kaburi lile la ng'ambo?" nikauliza.

"Tulikwenda mimi na yeye kulipokuwa kumetulia. Tulilikuta. Tulitoa kibao alichokuwa ameandika jina la kaka yake. Nikakaa, nikamsomea yule mtoto wa watu Fatiha, kwa sauti, mpaka mwisho." Alitazama mikono yake iliyojaa udongo mwekundu. "Nilisoma peke yangu, karani. Hakuna aliyenifuata. Yule kafa kweli, Mungu amrehemu. Ila si wangu."

Alisema hivyo kama anavyosema mtu aliyeulizwa njia. Nilitaka kumuuliza nyumbani inakuwaje, akikaa barazani akisoma, na nikaona kwamba nikiuliza ataniambia. Sikuuliza. Palikuwa na watu wakipita na magunia ya korosho kuelekea ghalani, na mpima uzito mmoja alikuwa akibishana na mkulima, mkulima akiapa kwa jina la Mungu kwamba mzigo wake umekauka.

Mama aliwasikiliza kidogo, akatikisa kichwa. Halafu akanichagulia fungu la ming'oko iliyonyooka, akanielekeza niioshe mara mbili, niichemshe na chumvi na nisiimenye kabla haijapoa, maana watu wa bara huiunguza.